Jirani Mwenye Lugha Kubwa

Mswahili akilisikia jina Kiong kwa mara ya kwanza, sikio lake humdanganya. Hiyo "ki" ya mwanzo anaidhani ndiyo ile ya Kihaya, Kimeru na Kiingereza, na papo hapo anaanza kuwatafuta Waong wako wapi. Hawapo. Kiong ni jina zima, na kwa ulimi wetu inabidi watu wawe Wakiong na lugha yao iwe Kikiong. Usiwaulize sana mitaani, maana hata kwao wengi wanawajua kwa majina mengine: Akoiyang, Akayon, Iyoniyong, na lile lililoingia kwenye ramani na vitabu, Okoyong.

Kwao ni Odukpani, katika Jimbo la Cross River, kusini mashariki mwa Nigeria. Ni kipande cha msitu na mashamba kaskazini ya mji wa Calabar, katikati ya mito miwili, Cross na Calabar. Huko watu hulima viazi vikuu na muhogo, hukamua mawese, na Jumapili hujaa kanisani. Ukiwasikia wakisalimiana utasikia Kiefiki, lugha ya wenyeji wa Calabar, ikichanganyika na Kiingereza cha shule na Pijini ya sokoni. Kikiong chenyewe kimebaki vinywani mwa wazee wachache. Wataalamu wa lugha wamekiweka miongoni mwa lugha za Nigeria zilizo mahututi, na nchi hiyo ina lugha zaidi ya 500.

Nimesoma habari za kufa kwa lugha mpaka nimezoea mwenendo wake. Daima kuna mkoloni na bakora, mtoto anachapwa kwa kusema lugha ya mama yake, kisha Kiingereza kinaimeza lugha ile. Habari ya Wakiong haiendi hivyo, na ndiyo maana inanisumbua. Kikiong hakikumezwa na Kiingereza. Kilimezwa na Kiefiki, lugha ya Waafrika wenzao, lugha ya jirani. Tena kilimezwa katika miaka ileile ambayo Wakiong walikuwa wanaokolewa.

Aliyehusika sana na wokovu huo ni mwanamke Mskoti, Mary Slessor. Alizaliwa Aberdeen mwaka 1848, akakulia Dundee, na akiwa na miaka 11 alikuwa tayari kiwandani, nusu siku kwenye mashine za kufuma na nusu siku shuleni. Kisa chake kinagusa hata pwani yetu. Mwaka 1873 David Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Habari za kifo hicho zilitikisa Uskoti, na miongoni mwa waliotikiswa alikuwamo huyu binti wa kiwandani. Aliomba kwenda kazi ya umisheni, na mwaka 1876 akashuka Calabar.

Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi katika miji ya Waefiki, akakijua Kiefiki kama aliyenyonya nacho. Kisha Agosti 1888 akapanda mtumbwi kwenda Okoyong, akakaa kijiji cha Ekenge, kwa mtemi Edem. Waefiki walimwona amerukwa na akili. Watu wa Okoyong walijulikana kwa ukali, na kati yao na watu wa Calabar palikuwa na uadui wa siku nyingi. Waefiki ndio walioshika mlango wa bahari. Mawese ya bara yalipita mikononi mwao kwenda kwenye meli za Wazungu, na hawakuwa na haraka ya kumwachia mtu wa bara njia.

Imani aliyoikuta huko tusiipake rangi. Walimjua Mungu mkuu, walizijua roho za mito na misitu, na chama cha Ekpe kilishika sheria kwa hofu na heshima, kama ilivyokuwa katika eneo lote la mto Cross. Lakini palikuwa na mambo mawili ya kutisha. La kwanza ni mapacha. Mama akijifungua watoto wawili, iliaminika kwamba mmoja wao ni mtoto wa pepo, na kwa kuwa hakuna ajuaye ni yupi, wote wawili waliuawa na mama akafukuzwa porini. Mtu wa kwetu aliyezoea kuwaita mapacha Kulwa na Doto na kuwachezea ngoma husoma habari hii akishika kichwa, lakini nasi tusijitape sana, maana hata huku Afrika Mashariki palikuwa na jamii zilizowaogopa mapacha.

La pili ni mwavi. Mtu mkubwa hakufa kwa maradhi wala kwa ajali. Alikufa kwa kulogwa. Washukiwa walinyweshwa maji ya maharage ya esere. Aliyetapika alionekana hana hatia, na aliyekufa akawa amejihukumu mwenyewe.

Waandishi wa maisha ya Slessor wanasimulia kisa kimoja ambacho mimi hukiona kama mlango wa mambo yote yaliyofuata. Etim, mwana mkubwa wa mtemi Edem, alikuwa akijijengea nyumba, karibu aoe. Gogo likamponyoka, likampiga, akapooza. Slessor alimuuguza kama wiki mbili, kijana akafa. Kijiji kikajua la kufanya: uchawi umetoka kijiji jirani, watu wakakamatwa na kufungwa minyororo, esere ikaandaliwa.

Yule mwanamke hakuanza kwa kuhubiri. Aliyajua mawazo ya wenyeji wake kiasi cha kutambua kwamba damu ile ilikuwa inadaiwa ili marehemu apate heshima. Basi akaamua kumpa heshima ambayo Okoyong haijaiona. Akaiosha na kuivika maiti suti na nguo za fahari, ikanyolewa kichwa kwa mapambo, ikafungwa kilemba cha hariri na juu yake kofia yenye manyoya. Akamketisha Etim kwenye kiti, chini ya mwavuli, na fimbo yenye kichwa cha fedha mkononi, na mbele yake kioo, ili marehemu ajione alivyopendeza. Watu walipoona walipagawa kwa furaha. Ngoma zikalia, pombe ikanywewa, na Slessor akabaki macho siku baada ya siku kuwalinda wafungwa wale, akibembeleza, akigomba, akikataa kuondoka. Mwishowe wote wakafunguliwa. Etim akazikwa bila binadamu mwingine kuzikwa naye.

Mazungumzo yale yote, kubembeleza kote na kugomba kote, aliyafanya kwa Kiefiki alichokuja nacho kutoka Calabar. Rehema iliingia Okoyong kwa lugha ya jirani. Nani angeikataa?

Baada ya kanisa ikaja mahakama. Mwaka 1892 Waingereza walimpa Slessor cheo cha naibu konsuli wa Okoyong, akawa anaamua kesi za ndoa, madeni na mashamba akiwa kwenye kiti cha kuyumba na mara nyingi mtoto mapajani. Likaja na soko. Yeye mwenyewe aliwahimiza watu wa Okoyong wafanye biashara na Calabar, akiamini kwamba mtu mwenye mawese ya kuuza hana muda wa vita. Alikuwa sahihi. Maadui wa jana wakawa wateja wa leo. Na ikaja shule, na kitabu chake kilikuwa tayari kimechapwa: Agano Jipya kwa Kiefiki lilitoka mwaka 1862, na Agano la Kale mwaka 1868, miaka ishirini kabla ya Slessor kufika Ekenge. Kwa nini umisheni ujisumbue kutafsiri upya kwa ajili ya vijiji vya msituni, wakati watu wake wanaweza kujifunza lugha iliyo tayari?

Hesabu hiyo ina akili, na hapo ndipo penye ugumu. Sali, shtaki, uza, soma: vyote vinne ukivifanya kwa Kiefiki, kinachobaki kwa Kikiong ni jikoni na makaburini. Mtoto huyajua hayo kabla hajafundishwa. Husikia ni lugha ipi baba yake huitumia akivaa shati zuri.

Mtu asidhani pia kwamba Kikiong ni Kiefiki kilichopinda. Wanaisimu wanakiweka katika kundi la Cross ya Juu, pamoja na ndugu zake kama Kikorop cha upande wa mpaka wa Kamerun. Kiefiki ni cha Cross ya Chini. Ni koo mbili za ukoo mmoja mkubwa. Kwa hiyo kilichopotea si lafudhi. Ni namna kamili ya kuita mto, shemeji, aibu na mvua.

Angalia tu lile harage la esere. Waskoti walilipeleka Edinburgh wakalichunguza. Mwaka 1855 profesa Robert Christison alilila mwenyewe ili ajue linavyoua, akaponea chupuchupu. Mwaka 1864 wanakemia wakatoa ndani yake dawa ambayo baadaye ilitumika kutibu presha ya macho. Dawa hiyo ina jina la kitabibu, lakini jina lake la pili ni eserini, kutoka neno esere. Neno la watu wa Calabar likaingia katika makabati ya dawa ya dunia. Wakiong walilijua harage hilohilo, walilichuma katika misitu yao na walikufa kwalo kama majirani zao. Neno lao halikuingia popote.

Najua msomaji wangu amekwisha kuitafuta methali: mwacha asili ni mtumwa. Mimi siitumii hapa. Sioni mtumwa katika mama wa Ekenge aliyewalea pacha wake wote wawili na kuwafundisha Kiefiki ili wakasome. Hakuna mama anayedaiwa ufukara ili lugha iishi. Wakati Slessor anafariki, Januari 1915, watoto ambao zamani wangetupwa vichakani walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Leo Calabar ina sanamu yake akiwa na mapacha, na huko Uskoti benki moja ilimweka kwenye noti ya pauni 10 mwaka 1997, pahali alipokuwa Livingstone. Hiyo ni haki yake. Tunachoweza kusema ni kwamba deni hili lilikuwa na pande mbili, na upande mmoja haukuandikwa.

Nao Waefiki, jirani yule mwenye lugha kubwa, imewafaa nini? Kwa miaka mingi Kiefiki kilikuwa lugha ya vitabu, shule na kanisa kwa Waibibio, Waanang na wengine wengi. Kisha Nigeria ikazaliwa na kukua, na ukubwa ukapimwa kwa kipimo kingine. Katiba ya mwaka 1999 inaruhusu Bunge la Taifa kufanya shughuli zake kwa Kiingereza, na kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pale maandalizi yatakapokuwapo. Kiefiki hakimo. Mwaka 2022 serikali ilipitisha sera ya kuwafundisha watoto wa shule za msingi kwa lugha ya mama. Mwaka 2025 ikaifuta, Kiingereza kikarudi kitini. Vijana wa Calabar nao wanazidi kutaniana kwa Pijini. Aliyemmeza jirani yake yumo njiani kumezwa. Lugha kubwa ni kubwa mpaka ije iliyo kubwa zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka tuvute kiti karibu, sisi tunaosoma gazeti hili. Tunaposikia habari kama hii tunajiweka upande wa Wakiong. Tunakumbuka mkoloni, tunakumbuka kile kibao alichovishwa mtoto shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, tunasikitika pamoja na wanyonge. Nasema tumekosea kiti. Katika hadithi hii, sisi ni Waefiki.

Linganisha mwenyewe. Aprili 1846 mmisionari Hope Waddell alifika Calabar na kuanza kazi iliyokifanya Kiefiki lugha ya Injili. Mwaka huohuo wa 1846 Johannes Rebmann alimfuata Ludwig Krapf Mombasa, wakaanzisha kituo Rabai, na kazi ya kukitia Kiswahili katika herufi za Kilatini na katika vitabu vya dini ikashika kasi. Huko lugha ya wafanyabiashara wa mdomo wa mto, huku lugha ya wafanyabiashara wa pwani. Zote mbili zilikuwa za sokoni kabla hazijawa za kanisani, na za kanisani kabla hazijawa za serikalini. Tofauti ni kwamba yetu ilibahatika zaidi. Leo tuna siku yetu, Julai 7, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2021, na tunaisherehekea kwa vitenge na hotuba.

Sikatai sherehe. Kiswahili kimeniandikisha, kimenilisha, kimeniozesha. Kimewaunganisha watu wa lugha zaidi ya 120 hapa Tanzania kiasi kwamba mtu wa Kigoma na wa Mtwara hutaniana bila mkalimani. Lakini mtu akila vizuri asijifanye hajui nyama ilitoka zizi gani. Nyika za kaskazini mwa Tanzania zilikuwa na wawindaji waliosema Kiaasaksi. Lugha hiyo ilizimika miaka ya 1970, wenyewe wakiwa wamekwisha kuingia katika Kimasai. Huko Kenya, Wayaaku wa msitu wa Mukogodo nao wamehamia Kimasai, na Waelmolo wa Ziwa Turkana wamehamia Kisamburu. Popote pale, aliyemeza ni jirani. Na katika ukanda wetu huu wa pwani, kuanzia viunga vya Dar es Salaam, jirani huyo ni Kiswahili.

Inauma zaidi ukijua kwamba hawa Wakiong ni ndugu zetu, wala si kwa maneno ya majukwaani. Wanaisimu wanasema mababu wa lugha zote za Kibantu walianza safari yao kutoka mpakani mwa Nigeria na Kamerun, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mto Cross uko papo hapo. Sisi ndio tulioondoka. Watu wa mto Cross ni katika waliobaki nyumbani. Mwambie Mwefiki ahesabu kuanzia mbili utamsikia: iba, ita, inang, ition. Sasa tega sikio: wawili, watatu, wanne, watano. Mwambie aseme kula, atasema dia, na Mkongo wa Matadi atageuka akidhani ameitwa mezani. Zama zote hizo, na tatu yetu bado ni ita yao. Lugha inapozimika Odukpani, ni chumba cha nyumba ya babu yetu kinachobomoka.

Tufanye nini basi? Sina dawa ya kuwarudisha wajukuu wa Okoyong kwenye Kikiong, wala si kazi yangu kuwapangia. Lakini nina neno kwa mwenye lugha kubwa, kwa kuwa mimi ndiye. La kwanza, aache kuiona lugha ya jirani kama ushamba. Mtu akitamka "r" badala ya "l" tunacheka, na kicheko hicho kimeua lugha nyingi kuliko bakora. La pili, aiachie nafasi lugha ndogo katika mambo yenye heshima, si ya jikoni tu. Mchungaji anaweza kuacha wimbo mmoja Jumapili uimbwe kwa lugha ya kijiji. Shehe anaweza kutoa mawaidha ya msiba kwa lugha ya wafiwa. Mwalimu wa chekechea anaweza kumjibu mtoto kwa lugha aliyoamka nayo. Hayo hayahitaji bajeti. La tatu, simu. Kila mmoja wetu anatembea na mashine ya kurekodi mfukoni na tunairekodia harusi. Mketishe mzee, muulize majina ya miti, ya samaki, ya siku za mwezi, na namna watu walivyoomba kabla hawajafikiwa na vitabu.

Hilo la mwisho nalisema kwa sauti ya mwenye deni. Bibi yangu mzaa mama aliishi Kisarawe. Alikuwa na lugha tatu na kila moja ilikuwa na kazi yake. Alfajiri alisali kwa Kiarabu. Mchana aliuza mihogo, akasuluhisha ugomvi na kutulea wajukuu kwa Kiswahili, Kiswahili kitamu kabisa. Jioni, akiingiza kuku bandani, alisema nao Kizaramo. Maneno marefu, ya kubembeleza na ya kukaripia, kila kuku na jina lake. Sisi tulicheka. Tulidhani ni lugha ya kuku.

Ninapofikiri leo naona kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kusema naye. Shoga zake walikuwa wametangulia, mama zetu walimjibu kwa Kiswahili, na sisi hatukujibu kitu. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemchapa. Tulikuwa tu wengi, na lugha yetu ilikuwa kubwa.

Alipofariki, baada ya arobaini, tuligawana vyake: kanga, kinu, kitanda cha kamba. Kuku nilibaki nao mimi kwa siku chache mpaka apatikane wa kuwachukua. Jioni ya kwanza nilisimama mlangoni pa banda na punje za mtama kiganjani, nikawaita kwa Kiswahili. Wakainua vichwa, wakanitazama, wakaendelea kuparua.